Unataka kuongeza nyumba? Usihesabu vyumba vipya, angalia vya zamani vinageuka nini

Nyumba imekuwa ndogo, umemuita mchora ramani, kaja kapima, baada ya muda karudi na karatasi tatu. Ya kwanza inaongeza chumba na choo kwa nyuma, ya pili inaongeza ubavuni, ya tatu inapanda juu ghorofa. Zote zimechorwa safi, vitanda vimo, masofa yamo, hadi maua ya nje yamo. Na hapo ndo watu wengi wanapokwama, maana zote zinaonekana nzuri, basi mtu anachukua ile yenye vyumba vingi au ile ambayo familia imeipenda kwa macho, fundi anaanza kuchimba.

Naomba tusimame hapo kidogo kabla fundi hajashika jembe.

Mi nimewahi kuishi kwenye nyumba iliyoongezwa chumba kwa nyuma. Chumba chenyewe kilitoka kizuri, kikubwa, choo chake ndani, kila mgeni anakisifia, ila sebule ilikufa. Lile dirisha lake la nyuma ndo lilikuwa linaleta mwanga na upepo wa mchana, likavunjwa likawa mlango wa kuingilia chumba kipya, ikawa saa nne asubuhi tunawasha taa, alafu mlango wenyewe ukakaa kwenye ukuta ambao sofa kubwa lilikuwa linaegemea, sofa likasogezwa mpaka likawa njiani, yaani ukitaka kwenda kulala unakatiza kati ya watu na tivii. Tulipata chumba kimoja tukapoteza kimoja. Na kwenye karatasi hatukuliona hilo kwa sababu wote tulikuwa tunakiangalia chumba kipya.

Ndo maana nasema ramani ya kuongeza nyumba haisomwi kama ramani ya nyumba mpya. Chumba kipya karibu siku zote kitatoka vizuri, kimechorwa kwenye uwanja mtupu, hakuna cha kukibana. Kinachoumia ni kile cha zamani kilichopakana nacho. Kwa hiyo ukiletewa ramani tatu, anza na vyumba ulivyonavyo leo, kimoja kimoja, jiulize kwenye ramani hii hiki kitabaki kuwa nini.

Anza na madirisha, ni kazi ya dakika tano. Chukua kalamu nyekundu, kwenye kila ramani weka alama dirisha lolote la zamani ambalo litazibwa au litaishia kuangalia ndani ya chumba kingine badala ya nje. Sehemu nyingi sheria za ujenzi zinataka chumba cha kulala kiwe na dirisha linalofunguka kwenda nje, kwa ajili ya hewa na kwa ajili ya kutokea moto ukiwaka, kwa hiyo ukiona chumba cha kulala cha zamani kimebaki bila dirisha, hiyo ramani ina kasoro hata kama mengine yote ni mazuri. Kwa sebule kuna kipimo cha haraka ambacho wasanifu wanakitumia sana: mwanga wa dirisha unafika vizuri ndani kama mara 2 hadi 2.5 ya kimo cha kutoka sakafuni mpaka juu ya dirisha. Dirisha ambalo juu yake iko mita 2.1, mwanga wake unafika mita 4 hadi 5 hivi, zaidi ya hapo ni giza giza. Sasa kama sebule yako na sehemu ya kulia chakula zimeungana, kutoka mbele mpaka nyuma ni mita 7, na ilikuwa inapata mwanga pande zote mbili, ukiziba nyuma zile mita 2 au 3 za mwisho zimekwenda. Na upepo nao umekwenda, maana upepo unataka pa kuingilia na pa kutokea.

Baada ya madirisha, njia. Hapa ndo penye uzito wote.

Mwaka 1928 kule Berlin, Ujerumani, kulikuwa na msanifu anaitwa Alexander Klein, yeye alizipanga ramani mbili za nyumba kando kwa kando akachora juu yake mistari ya mahali watu wanapopita kila siku. Kwenye ya kwanza mistari inakatana kila mahali kama uzi uliovurugika, kwenye ya pili njia ya kulala na kuoga iko peke yake na njia ya kupika, kula na kupumzika iko peke yake, hazigongani. Ni kitu rahisi sana na mpaka leo sijaona njia nzuri zaidi ya kulinganisha ramani. Fanya hivo hivo na za kwako. Chora mstari wa mtu anayeamka usiku kwenda chooni, mstari wa aliyetoka kuoga anarudi chumbani, wa anayetoka jikoni na chakula, wa mgeni aliyeingia mlango wa mbele anaomba choo, wa nguo chafu mpaka zinapofuliwa na kuanikwa. Tumia rangi tofauti. Ukimaliza ramani tatu, ziweke pamoja, jibu litaanza kujionyesha lenyewe, kuna ramani itakuwa na mafundo mawili matatu na kuna ramani itakuwa imetulia.

Ukiona mstari wa chumba kipya unapita ndani ya chumba kingine, hicho chumba kingine kimeshageuka korido, hata kama mchora ramani bado ameandika SEBULE au CHUMBA 2. Wengine wanajitetea kwamba watakata korido kabisa ili watu wapite bila kusumbuana, sawa, ila fanya hesabu. Chukua sebule ya mita 4 kwa 5, skwea mita 20. Korido ya kupita vizuri inataka kama mita 1.1, weka na ukuta wa tofali la sentimita 15, jumla mita 1.25, zidisha mita 5 unapata 6.25. Sebule imebaki skwea mita 13.75. Umeongeza chumba cha skwea mita 12 nyuma, lakini ulichopata kweli ni skwea mita 5.75, na sebule sasa ina upana wa mita 2.75, weka sofa upande mmoja na tivii upande wa pili uone magoti yanakaa wapi. Kwenye nyumba ya aina hiyo mara nyingi unakuta kuongeza ubavuni, kutokea mwisho wa korido iliyopo tayari, kunashinda hata kama chumba chenyewe ni kidogo, kwa sababu hakili chumba kingine. Kama nyumba yako ina korido inayoishia kwenye ukuta wa nje, huo ukuta ni mali, mwambie mchora ramani aanzie hapo kabla hajaleta wazo lingine lolote.

Jikoni nako angalia kwa macho hayo hayo. Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, miaka ya 1940 walitoa wazo la pembetatu ya jiko, yaani sinki, jiko la moto na friji ziwe kwenye pembe tatu, na mpaka leo kipimo kinachotumika ni kwamba kila upande uwe kama mita 1.2 hadi 2.7 na jumla yake isizidi mita 8 hivi. Vipimo hivyo kila mtu anavishika, ila kinachosahaulika ni kwamba njia ya watu isikatize hiyo pembetatu. Ramani ya kuongeza nyuma inapenda sana kutoboa mlango jikoni, na ukitoboa ukuta wa ndani kabisa wa jiko, kila anayekwenda chumba kipya anapita kati ya mtu mwenye sufuria la maji ya moto na sinki. Mlango huo huo ukisogezwa pembeni, kwenye kona ambayo hapafanyiki kazi, jiko linapona. Kwa hiyo usikatae ramani haraka, kuna wakati mlango mmoja tu ukihama mita moja na nusu ramani mbaya inakuwa nzuri.

Kuna wanaopenda kujaza ile kona ya nyumba yenye umbo la L, na ninawaelewa, kwa sababu kuta mbili zipo tayari. Chumba cha mita 4 kwa 5 kinachobandikwa ukutani kwa ule upande wa mita 5 kinataka kuta tatu mpya, jumla mita 13, ukikiweka kwenye kona unajenga mbili tu, mita 9. Lakini rudi kwenye kalamu nyekundu, ile kona mara nyingi ndo inayopumulia vyumba viwili vya zamani, na ukiijaza umeziba vyote viwili. Kwa hiyo uliza hivyo vyumba viwili vina dirisha lingine. Kama vinalo, kona ni chaguo zuri sana.

Kupanda juu watu wanapenda kwa sababu uwanja unabaki, lakini ngazi inakula nafasi kuliko mtu anavyodhani. Kama kutoka sakafu ya chini mpaka ya juu ni mita 3, na kila kipandio kina kimo cha kama sentimita 16.7, vinakuwa 18, vya kukanyagia 17, kila kimoja sentimita 27, ngazi iliyonyooka inafika mita 4.6. Upana mita 1, hiyo ni skwea mita 4.6 chini na shimo la namna hiyo hiyo juu, karibu skwea mita 9 kabla hujahesabu pa kuanzia na pa kushukia. Hiyo nafasi inatoka kwenye chumba gani cha zamani? Hilo ndo swali la kumuuliza mchora ramani siku ya kwanza. La pili, na hili ni la mhandisi na si la mtu mwingine yeyote, msingi na kuta za chini zilijengwa kwa ajili ya kubeba paa tu au zinaweza kubeba slabu, yaani sakafu ya zege ya juu, na kuta nyingine juu yake, maana nyumba nyingi za chini hazikujengwa na wazo la ghorofa. Asipokuja kukagua mwenyewe na kujua msingi ukoje, ramani ya ghorofa bado ni picha tu.

Sasa vipimo. Ukiona chumba kimeandikwa mita 3.0 kwa 3.0, uliza hicho kipimo kimeanzia wapi, kwenye uso wa ndani wa ukuta au katikati ya ukuta. Kama ni katikati na tofali ni sentimita 15, unapoteza sentimita 7.5 kila upande, inabaki 2.85, piga plasta ya sentimita 1.5 kila upande, inabaki 2.82. Kitanda cha mita 1.8 kikikaa katikati unabakiwa na sentimita 51 kila upande, unapita ila kutandika shuka unainama kwa shida. Kwa upande wa pili, kitanda kina urefu wa mita 2, kabati la nguo linataka kina cha sentimita 60, kwa hiyo kwenye 2.82 miguuni pa kitanda panabaki sentimita 22, hapo mlango wa kabati haufunguki na mtu hapiti. Wakati kwenye karatasi kila kitu kilikuwa kimekaa vizuri, kwa sababu kitanda kilichochorwa kilikuwa kidogo kuliko chako. Pima kitanda chako wewe, kabati lako, meza yako, mpe mchora ramani hivyo vipimo. Usisahau na milango, mlango wa sentimita 80 ukifunguka unafagia nusu skwea mita ambayo hakuna kitu kinaweza kukaa.

Na kama nyumbani kuna mzee, au mnatarajia kuzeeka humo, sema mapema. Kiti cha magurudumu kinataka uwazi wa mlango wa kama sentimita 80 na nafasi ya duara la mita 1.5 ya kugeukia, kuvipata wakati wa kuchora ni kusogeza mistari tu, baadaye ni kubomoa.

Kuna mambo ambayo kwenye ramani ya sakafu hayaonekani kabisa ila ndo yanayoamua ramani ipi ni rahisi na ipi itakutesa, na la kwanza ni maji machafu. Bomba la choo la inchi 4 linalazwa kwa mteremko, kipimo cha kawaida ni kushuka 1 kwa kila 40, yaani choo kipya kikiwa mita 10 kutoka kwenye chemba, lile shimo la kukagulia mabomba ya maji machafu, bomba linashuka sentimita 25. Kama chemba yenyewe haiko chini kiasi hicho, inabidi uinue sakafu ya choo kipya au uhamishe chemba. Ramani inayoweka choo kipya mgongo kwa mgongo na cha zamani, ukuta mmoja mabomba pande zote, imekuondolea kazi kubwa sana, na nikikuta ramani mbili zinalingana kwa mengine yote mi nachagua hiyo bila kusita.

Paa ndo linawashangaza wengi. Kuna mtindo wa kuongeza nyuma kwa kushusha bati kutoka chini ya ukingo wa paa la zamani, inaonekana kazi ndogo. Sema ukingo uko mita 2.7 kutoka sakafuni, chumba kipya kinatoka nje mita 4, na bati linalala kwa nyuzi 10, hapo kwenye hizo mita 4 paa linashuka kama sentimita 70. Ukuta wa mwisho unabaki na mita 2.0. Mlango wa kawaida wenyewe ni mita 2.1! Ndo unakuta vyumba vya kuongeza watu wanaingia wameinama na joto limejaa juu ya vichwa. Ukipunguza mteremko sana nako maji yanarudi nyuma kwenye maungio ya bati yanaingia ndani. Kwa hiyo ramani ya kuongeza nyuma, dai uoneshwe na mchoro wa nyumba iliyokatwa kwa ubavu, wenye kimo cha kila ukuta, usikubali kuamua kwa ramani ya sakafu peke yake. Na ile ramani ambayo paa jipya linakutana na la zamani kwa pembe, pale kwenye maungio panatokea bonde linalokusanya maji ya mapaa mawili, bonde moja lililojengwa vizuri si tatizo, ila ukihesabu mabonde matatu manne kwenye ramani moja, hapo umehesabu sehemu tatu nne za kuvuja.

Kuta za kubomoa, hapa naomba umakini. Kwenye ramani kubomoa ukuta ni mistari miwili ya nukta nukta, lakini ukuta unaweza kuwa umebeba kenchi, yaani mbao zinazoshika paa, au slabu, na wembamba wake si ushahidi kwamba haujabeba kitu. Ukiutoa inabidi iwekwe bimu, yaani boriti ya zege au chuma, na uzito wote uliokuwa umesambaa kwenye ukuta mzima sasa unashuka kwenye ncha mbili za bimu, hizo ncha nazo zinataka nguzo na msingi wa kutosha. Kwa hiyo linganisha ramani zako kwa swali hili, kila moja inabomoa mita ngapi za ukuta uliobeba. Mhandisi atakuambia upi ni upi, ndo anayelipwa kwa kazi hiyo.

Msingi nitausema kwa ufupi. Nyumba ya zamani imeshatulia ardhini, mpya itazama kidogo ikipata uzito, na pale zinapokutana ndo ufa unapotokea. Wahandisi wengi wanaacha nafasi ndogo kati ya zamani na mpya kisha wanaifunika, wengine kulingana na udongo wanaunganisha kwa nondo, ila jambo lenyewe liwe limeamuliwa kwenye mchoro, lisije kuamuliwa na fundi siku ya kujenga. Na kuchimba msingi mpya ulio chini kuliko wa zamani, pembeni yake kabisa, kunafanywa kwa vipande vifupi vifupi, vinginevyo unautoa udongo ulioshikilia nyumba yako.

Kabla hujapenda ramani yoyote sana, nenda ofisi inayotoa vibali vya ujenzi huko ulipo, uliza unaruhusiwa kusogea karibu na mpaka kiasi gani. Ramani ya ubavuni inaweza kufia hapo hapo, ni bora ujue sasa.

Kuna ramani ya nne ambayo pengine hukuletewa, ile ya kutokuongeza kitu. Mwombe mchora ramani akuchoree nyumba yako hiyo hiyo, kuta za nje zisiguswe, ndani ndo papangwe upya. Stoo iliyojaa vitu visivyotumika, korido pana kupita kiasi, vyoo viwili vilivyokaa mbalimbali, hapo kunaweza kutoka chumba kizima. Hata usipoijenga utakuwa na kitu cha kulinganishia zile tatu, utajua unachopata kwa kutoka nje ni nini hasa.

Zikibaki ramani mbili, nunua chaki au tafuta kamba na vigingi, uzichore chini kwa ukubwa wake halisi. Sisi tulifanya hivi mara ya pili tulipotaka kuongeza, tukachora chumba na korido uwanjani, tukaweka viti pale pa kitanda, kila mtu akapita kama anatoka kulala kwenda chooni. Mama mzazi alipita mara moja tu akasema hapa nitagonga bega usiku, tukapima, kweli ile kona ilikuwa imebaki na sentimita 70. Kwenye karatasi tulikuwa tumeiangalia wiki tatu hatujaiona. Tuliisogeza mistari saa hiyo hiyo kwa mguu, tukapima upya, vipimo vipya ndo vikaenda kwa mchora ramani.

Na ukishachagua, mwulize fundi kwa ramani hiyo mtaishi wapi wakati wa kazi. Ramani nzuri inaruhusu sehemu mpya ijengwe mpaka bati, plasta na madirisha ikiwa imejitenga, ukuta wa zamani bado umesimama, vumbi na mvua viko upande wa pili, halafu ule mlango wa kuunganisha unatobolewa mwisho kabisa, kazi ya siku mbili tatu.